Mwalimu Caroline Kache Kiti na Vioo vya Ukutani (1941–1998)

Ndugu na jamaa, wachungaji, walimu, majirani wa Ganjoni na Kibokoni, na ninyi mlioacha kazi zenu Shimanzi mkafika hadi hapa Mazeras: haya ni maisha ya Mwalimu Caroline Kache Kiti, yanasomwa na mdogo wake, Jaffar Chirau. Marehemu alikuwa akisema kwamba wasifu wa msibani hupakwa chokaa mpaka maiti mwenyewe angeusikia asijitambue. Aliomba wake usipakwe. Kwa hiyo mtatuvumilia, maana yamo humu mambo ambayo watu hawakuzoea kuyasoma mbele ya jeneza.

Mwalimu Kache alizaliwa hapa Mazeras tarehe 9 Novemba 1941, mtoto wa pili wa Mzee Chirau, aliyekuwa kibarua wa reli, na Mama Mbodze. Nyumba ilikuwa ya udongo na vyombo vilikuwa vichache, lakini Mama Mbodze alikuwa na sheria yake: mgeni hali katika chombo chenye ufa. Ikisikika hodi, Kache alitumwa mbio akavifiche vilivyopasuka uvunguni. Siku moja alikuja mchungaji bila taarifa. Kache akavikagua vyombo kimoja kimoja, akaona vyote vina nyufa, akavificha vyote. Mchungaji aliandaliwa wali juu ya jani la mgomba, akala akashiba, akaisifu sana nyumba ile kwa kushika desturi za wazee. Mama Mbodze alicheka mpaka akakaa chini. Marehemu alikihadithia kisa hicho kwa furaha miaka mingi, mpaka ulipofika mwaka ambao hakutaka tena kukisikia.

Alianza masomo katika shule ya misheni hapa Mazeras mwaka 1949, akafaulu mtihani wa darasa la nane mwaka 1958, akaingia chuo cha ualimu mwaka uliofuata. Wenzake wa chuoni walimwita Bi Kitambaa, kwa sababu hakuketi kabla ya kufuta kiti. Alikuwa mkali na mwenye haraka ya kukasirika, na haraka hiyo hiyo alikuwa nayo katika kusamehe. Jaffar huyu anayewasomea aliposilimu ujanani, akaogopa kurudi nyumbani, ni Kache aliyemshika mkono akamwingiza mbele ya baba yao na kusema, "Baba, huyu bado ni wako. Kama humtaki, basi na mimi naondoka." Mzee Chirau akauliza kama wameshakula.

Tarehe 18 Desemba 1965 alifunga ndoa na Bwana Lewis Kiti, karani wa kupokea mizigo Shimanzi. Mara ya kwanza Bwana Lewis alipokwenda kumposa, Kache alimtazama akamwambia kola ya shati lake ina weusi. Bwana Lewis aliondoka, akarudi juma la pili na kola nyeupe. Walihamia Ganjoni mwaka 1971, na Mungu akawajalia watoto wawili, Joy na Tsuma.

Alianza kufundisha Januari 1961 huko Mariakani, akahamishiwa Changamwe, na mwaka 1968 akaja kisiwani Mombasa. Mwaka 1984 alipewa ualimu mkuu wa Shule ya Msingi ya Ghalani, Shimanzi. Jina hilo si la mapambo. Jengo refu la shule lilikuwa ghala la kopra, yaani nazi kavu, enzi za wakoloni, na humo ndimo walimokaa darasa la nne, la tano na la sita, safu moja, migongo yao kwenye ukuta mmoja mrefu wa mawe na chokaa. Nyuma ya ukuta ilipita barabara ya malori. Lori la kontena lilipopita, mwalimu alinyamaza, watoto wakanyamaza, chaki zikatetemeka mezani, kisha somo likaendelea. Walishazoea. Mtu huzoea kila kitu, na hapo ndipo hatari inapojificha.

Februari 1993 alifika shuleni Daktari Nicanor Mutinda, mhadhiri wa uhandisi kutoka chuo kikuu kimoja cha bara. Alitafuta shule ya mjini ambayo chuo chake kingeshirikiana nayo. Walimu wakuu wengine walikuwa wamemkwepa, wakisema wasomi huja kuwapima watu kisha wakaenda zao na vipimo vyao. Mwalimu Kache alimfutia kiti, akamketisha, akamuuliza, "Mtaleta nini, na mtachukua nini?"

Daktari akajibu, "Tutaleta vijana, Mwalimu. Tutachukua watakayojifunza kwenu."

Jibu hilo lilimpendeza. Tangu hapo kila muhula ulikuja ugeni, wahandisi na walimu wanafunzi, wakalala kwa watu majumbani, wengine Ganjoni, wengine Kibokoni. Waliwafundisha watoto sayansi kwa mizani ya sokoni na kapi za kuinulia mizigo bandarini, vitu ambavyo watoto waliviona kila siku bila kujua kwamba navyo ni elimu. Kontena kuukuu likatobolewa madirisha likawa maktaba. Jioni wazazi walifundishwa kusoma, na humo akatoka Bi Mwanaesha, mkaanga viazi wa Kibokoni, ambaye aliingia hajui herufi na baadaye akawa mwenyekiti wa wazazi. Vijana wa chuo nao walijifunza. Wapo waliokuja wakidhani mtoto wa Shimanzi ni mzito wa kuelewa, na wakaondoka wamejua kwamba mtoto huyo hulala nyumba iliyopakana na gereji inayogonga mabati usiku kucha. Matokeo ya mitihani yalipanda. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema watu, na kweli shule ilianza kupona.

Februari 1995 Daktari Nicanor aliona ufa katika ukuta wa ghala, umepanda kutoka sakafuni mpaka chini ya paa. Akaomba vipande vyembamba vya kioo. Alivitoa bure Bwana Zoeb Adamji, mwenye duka la vioo na fremu za picha Kibokoni, mjumbe wa kamati ya shule. Vikabandikwa kwa plasta kukatisha ufa, kimoja juu ya kingine. Daktari aliwaeleza watoto na mwalimu wao wa darasa kwamba kioo hakijui kuvutika. Ukuta ukisogea, hata unywele, kioo hukatika, na hapo mtajua ukuta unatembea. Wakati huo Mwalimu Kache alikuwa uani na Bi Mwanaesha, anasimamia pilau ya wageni. Alipoingia, somo lilikuwa limekwisha. Aliambiwa neno moja tu wakati wa kuagana: "Mwalimu, vioo hivi vitunzwe sana."

Akavitunza. Ole wetu, alivitunza.

Kabla ya kila ugeni shule ilisafishwa. Akina mama walifagia, na fundi Jamaldin wa Kibokoni akapaka kuta chokaa. Mei mwaka ule ule Jamaldin alikuja ofisini na ndoo mkononi.

"Mwalimu, vile vioo, viwili vimevundika."

"Vimevunjwa na nani?"

"Nani kama si watoto hawa na mpira wao? Na mkubwa wa wageni naye yuwaja."

Mwalimu Kache aliwaka. Wavulana wa darasa la sita walipangwa mstari, wakaadhibiwa wote, na mpira ukapigwa marufuku uani. Waliapa kwamba hawakuvigusa, na kuapa kwao kukamzidishia hasira; aliyeanza kueleza somo la Daktari alikatizwa, na mwalimu wao wa darasa hakuthubutu kumpinga. Kisha akamwambia Jamaldin, "Nenda kwa Bwana Zoeb akupe vingine. Wageni wasije wakakuta vigae."

Jamaldin alikuwa fundi wa kweli. Alivibandika vipya pale pale, akavipitishia vumbi la ukutani, na hakuna ambaye angejua. Daktari alipokuja Juni akavikuta vizima, akafurahi. Kabla ya ugeni wa Oktoba vilikatika tena, vikabadilishwa tena, na wavulana wakaonja tena. Februari 1996 vivyo hivyo. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Ilikuwa heshima. Ni nani kati yetu hapa anayemwacha mgeni aone kilichovunjika?

Aprili 1996, kwa moyo safi, Daktari Nicanor aliandika ripoti kwamba ukuta umetulia. Ofisi ya elimu ya mji ilikuwa na mpango wa kujenga madarasa mapya katika uwanja ulio nyuma ya shule. Baada ya ripoti ile mpango ukawekwa kando, na uwanja ukapewa watu wa usafirishaji waegeshe malori. Tangu hapo malori hayakupita tu barabarani. Yaligeuza ubavuni mwa ukuta, kutoka alfajiri mpaka jioni.

Jumatatu moja ya Agosti 1996, shule ikiwa imefungwa, Mwalimu Kache alikwenda peke yake kutazama vifaa vya muhula mpya. Uani hapakuwa na mtoto wala mpira. Alifungua darasa la tano akaona vioo vitatu vimekatika katikati, mkato safi, bila kigae hata kimoja sakafuni. Alisimama. Upande wa pili lori likaanza kurudi nyuma. Unga wa chokaa ukamwangukia begani, na mbele ya macho yake, bila mtu kukigusa, kioo cha nne kikalia kidogo na kukatika.

Aliwakumbuka wavulana wa darasa la sita. Mwenyewe alisema baadaye kwamba alikaa juu ya dawati bila kulifuta.

Alimwita Jamaldin akamuuliza ni mara ngapi amebadilisha. Jamaldin akahesabu kwa vidole.

"Lakini Mwalimu, ni wewe uloniambia."

"Ndiyo, ni mimi. Usijilaumu. Ni mimi."

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja dukani kwa Bwana Zoeb, akaomba simu. Bwana Zoeb alizima redio, akamwachia kiti chake. Mwalimu alipompata Daktari Nicanor hakumzungusha. "Daktari, vile vioo ulivyoviona ni vizima vilikuwa vipya. Vilikatika kila muhula, na sisi tukavibadilisha kila muhula. Ukuta unatembea."

Daktari aliingia Mombasa kesho yake asubuhi. Aliupapasa ukuta kwa muda mrefu. Mwishowe akauliza, "Mwalimu, kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu ulikuwa mgeni."

"Miaka mitatu nakula kwenu, bado ni mgeni?"

Mwalimu Kache akaomba radhi. Lakini Daktari naye alikiri kosa lake: aliwafundisha watoto siri ya vioo, akamwacha mwenye nyumba jikoni. Walikubaliana siku ile kwamba chuo na shule havitakuwa tena mgeni na mwenyeji. Chenye ufa kitaonyeshwa kwanza, pilau itafuata. Familia inawaomba walimu mliopo hapa mlishike neno hilo kuliko yote mtakayosikia leo, kwa maana ushirikiano wa kupakana chokaa ni hatari kuliko kukosa ushirikiano kabisa.

Shule ilipofunguliwa Septemba, aliwaita wavulana wale mbele ya gwaride akawaomba radhi kwa majina yao. Baadhi ya walimu waliona amejishusha. Yeye aliona amechelewa.

Daktari Nicanor aliifuta ripoti yake akaandika nyingine. Ofisi haikuikubali. Aliambiwa kwamba ya kwanza iliandikwa na mtaalamu, hii ya pili imeandikwa na rafiki. Uwanja nao ulikuwa umeshapata wenyewe, na wenyewe hawakuwa tayari kuuachia. Kwa hiyo Mwalimu Kache aliwatoa watoto mwenyewe, madarasa matatu, akawaweka uani chini ya turubai. Walisoma hapo mwaka mzima. Jua liliwachoma, wazazi wakagawanyika, wengine wakamsema kwamba anatafuta jina. Bi Mwanaesha, ambaye binti yake alikuwa darasa la tano, alisimama katika kikao cha wazazi akasema, "Mwanangu akiungua na jua nitampaka mafuta. Akifunikwa na ukuta mutanipa nini nimpake?"

Kisha zikaja mvua za Oktoba 1997, zile ambazo nyote mnazikumbuka. Turubai lilichanika, uani kukawa ziwa. Ofisi ikakumbuka ghafla kwamba Mwalimu Kache ameshapita umri wa kustaafu. Alistaafishwa tarehe 31 Desemba 1997. Januari watoto walirudishwa ghalani, na vijana wa chuo wakakatazwa kukanyaga shuleni.

Maradhi yake yalikuwa ya moyo. Miguu ilivimba na pumzi ikawa fupi, lakini aliwaficha wote, hata Bwana Lewis, akisingizia ngazi za Ganjoni. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye aliyejua hivyo kuliko sote hakujikumbuka. Machi mwaka huu alilazwa. Kila alipotembelewa alianza kwa kuuliza mvua imenyesha wapi, na kama ukuta umelowa.

Mwanzoni mwa Mei walikuja kumjulia hali mabwana wawili wa ofisi pamoja na mwalimu mkuu mpya, wakiwa na matunda na pole nyingi. Joy alikuwapo.

"Watoto hawajambo?" aliuliza.

"Hawajambo kabisa, Mwalimu. Wasoma."

"Na vioo?"

"Vyote vizima," akajibu mkubwa wao kwa upole. "Hata kimoja hakijavunjika. Wewe pumzika tu."

Aliwashukuru. Walipotoka aligeukia ukutani, na Joy akadhani amelala. Alikuwa analia. "Masika yote haya na malori yote yale, vizima?" alisema. "Wanavibadilisha, mwanangu. Wanafanya kama nilivyofanya mimi." Ndilo jambo lililomuumiza kuliko moyo wenyewe, na familia haitajifanya kwamba alikufa ametulia. Aliaga dunia alfajiri ya Alhamisi, tarehe 14 Mei 1998, mkono wake ukiwa katika mkono wa mumewe.

Wengi wamenung'unika leo kwamba mwili haukupitishwa shuleni, kama inavyofanywa kwa kila mwalimu, wanafunzi wakajipanga wakamwimbia. Ni yeye aliyekataza. Mvua ingenyesha, watu wangeingizwa ghalani, na yeye hakutaka mtu hata mmoja asimame chini ya ukuta ule kwa ajili yake. Ndiyo maana gari la jeneza lilipita njia kuu bila kusimama, na watoto wakamwona kwa mbali langoni. Ofisi imetuma shada zuri la maua. Familia inashukuru kwa maua.

Daktari Nicanor yupo hapa, pamoja na vijana wa chuo kikuu waliosafiri usiku kuja kumzika. Bi Mwanaesha yupo, Bwana Zoeb yupo, na Jamaldin, ambaye tangu jana amechimba kaburi hili na vijana wa kijiji na hakutaka kupokelewa jembe. Jana jioni waliketi pamoja na wazazi wakakubaliana. Keshokutwa Jumatatu, kabla ya kengele, watakuwa langoni pa Shule ya Ghalani, na watayatoa madawati ya madarasa matatu kwa mikono yao, moja moja, mbele ya yeyote atakayekuja kuwazuia. Masomo yatafanyika vibarazani Kibokoni na katika maktaba ya kontena, na vijana wa chuo watafundisha pamoja na walimu watakaokubali. Hawakuomba ruhusa. Mwenye mtoto pale, na asiye naye, anaombwa afike mapema.

Mwalimu Caroline Kache Kiti ameacha mume, Bwana Lewis Kiti. Binti yake Joy na mwanawe Tsuma. Wakwe na wajukuu. Mdogo wake Jaffar. Shemeji, wapwa, na wanafunzi wa miaka thelathini na saba, wengine wao wameketi hapa na mvi zao. Ameacha pia watoto wa darasa la nne, la tano na la sita, ambao jana Ijumaa walisoma wameegemea ukuta ule, na mabegi ya baadhi yao bado yamo ndani.

Mungu amlaze mahali pema mwalimu wetu, na aushike ule ukuta mpaka Jumatatu tufike.